Namba Mbili za Bunduki Moja

"Bunduki yako imeshateketezwa, baba," karani alisema. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa chake, akaivaa tena na kutazama kompyuta upya. "Miaka tisa iliyopita. Mfumo unasema hivyo."

Fundi Randa alicheka. "Mama, bunduki hiyo iko nyumbani kwangu ndani ya kasha la chuma, na ufunguo wake ninao hapa shingoni. Jumamosi tu nimeipaka mafuta."

"Mimi sikubishii. Nakwambia mfumo unavyosema."

"Basi uambie mfumo uje kwangu uishike kwa mkono."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Walikuwa na haja ya kucheka, maana tangu asubuhi kila aliyefika dirishani alikuta maajabu yake. Serikali ilikuwa imeagiza kila mwenye silaha aje na kijitabu chake, habari zihamishwe kutoka madaftari ya zamani kwenda kwenye kompyuta, kisha apewe kadi mpya. Mfugaji mmoja alikuwa ameandikiwa bastola tatu, na hajapata kushika hata moja. Mwalimu mstaafu alikuta amezaliwa mwaka ambao bunduki yake ilitengenezwa, na bunduki ikapewa siku yake ya kuzaliwa. "Angalau niandikieni kwamba tumeoana," alisema mwalimu, akaenda kukaa kwenye benchi kusubiri.

Karani, ambaye wote pale walimwita Mama Mafaili, alifungua faili la rangi ya udongo na kutoa karatasi iliyokuwa imekunjwa pembe. "Hii ndiyo fomu ya makabidhiano. Namba ni hii hii ya kijitabu chako. Aliyeileta ni huyu hapa."

Fundi Randa akainama kuisoma sahihi iliyokuwa chini ya fomu. Ilikuwa sahihi ndefu yenye mkia, mkia unaopinda kama ndoano. Sahihi ile aliijua. Alikuwa ameiona kwenye hati ya ndoa yake mwenyewe, mahali pa shahidi wa bibi harusi.

 Kwa pumzi moja akaelewa yote.

Miaka kumi na miwili nyuma, yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe, walinunua bunduki mbili siku moja katika duka moja, za aina moja, za mtutu mmoja unaokunjika katikati. Yeye alitaka kuzuia nguruwe pori wasimalize mahindi yake ya kandokando ya msitu. Shemeji alitaka kwa sababu fundi ametaka. Kila bunduki ilikuwa na namba yake, imepigwa mahali pawili, kwenye mtutu na kwenye mwili, karibu na kidude cha kufyatulia. Namba hizo mbili zilipaswa kulingana daima, kama jina la mtu na uso wake.

Mwaka wa pili shemeji alianguka na bunduki kwenye mawe, mtutu ukabonyea. Kesho yake ilikuwa siku yake ya ukaguzi. "Kapimwe na mtutu wangu," Fundi Randa alimwambia, "mimi zamu yangu ni mwezi ujao. Ukirudi tutarudishiana." Shemeji akaenda, akapita ukaguzi, akarudi. Lakini kabla hajarudi, Fundi Randa alishachonga kijiti cha mti mgumu, akakipitisha ndani ya ule mtutu uliobonyea, akaugonga taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka ukanyooka kama haukupata ajali. Alijivunia kazi ile. Wakajaribu bunduki zote mbili, zote zikapiga sawasawa. "Ya nini tena kufungua na kufunga?" shemeji alisema. Wakacheka, wakaacha vile vile; wakaguzi wa siku zile walisoma namba ya mwili tu. Ndugu hawagombei vyuma.

Baadaye shemeji akahamia kwenye nyumba ya kupanga isiyo na mahali pa kufungia silaha, akaipeleka bunduki yake serikalini. Aliyeipokea alisoma namba kwenye mtutu. Mtutu ulikuwa wa Fundi Randa.

"Na aliyeipokea ni mimi," Mama Mafaili alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Alikuwa mama wa makamo, mwenye alama ya wino isiyotoka kwenye kidole cha kati. "Hii saini ya pili ni yangu. Siku ile tulipokea bunduki sitini na kitu. Labda nilisoma vibaya, baba. Labda nilichoka."

Fundi Randa alikigeuzageuza kijitabu chake mikononi.

"Nimebakiza miezi minne nistaafu," Mama Mafaili alisema, kama anayezungumza na faili. "Na sasa mkuu anataka kila kosa lijulikane ni la nani. Haya. Ijumaa njoo na bunduki yenyewe, nakuandikia barua ya kuisafirisha. Mkaguzi atasoma namba. Ikiwa kosa ni langu, nitaandikiwa mimi. Ikiwa ni jambo jingine…" Hakumalizia. Hakuhitaji. Kukaa na bunduki isiyokuwemo kwenye daftari ni jambo la mahakamani.

Pale ndipo alipopaswa kusema. Ulimi ulikuwepo, maneno yalikuwepo. Alisema, "Sawa, mama," akachukua barua na kutoka.

Nyumbani alipima fremu ya mlango mara tatu, akaikata fupi. Alikuwa hajakata fremu fupi tangu uanagenzi wake. Akatoka nje, akarudi ndani, akatafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake. Mkewe alikuwa anachambua mboga barazani, akamtazama akipita mara ya nne.

"Baba watoto, una nini leo? Umekuwa kama mtu aliyekalia siafu."

"Hakuna kitu."

"Hicho hakuna kitu mbona kinakutembeza hivyo?"

Akavaa viatu. "Nakwenda kwa kaka yako mara moja."

Shemeji yake siku hizi alifundisha walinzi. Alikuwa na kiwanja kipana nyuma ya bohari, na vijana thelathini walipiga gwaride pale wakiwa na bunduki za mbao. Bunduki hizo alizichonga Fundi Randa mwenyewe. Kila mtu kiwanjani alimwita shemeji Afande, hata muuza maji, ingawa jeshini hakupata kufika.

"Shem!" Afande alipaza sauti alipomwona. "Umekuja kujiunga? Hilo tumbo litapita wapi chini ya waya?"

Vijana wakacheka. Fundi Randa akamshika mkono, akamvuta pembeni, kwenye kivuli cha ukuta wa bohari, akamweleza. Alieleza kwa sauti ndogo, kuanzia mawe hadi maajabu ya foleni na saini yenye mkia. Uso wa Afande ulianza na tabasamu, na tabasamu likaondoka kidogo kidogo.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe na Mungu."

"Mungu hatatuitia mkaguzi." Afande akatazama nyuma, akawapigia vijana kelele waendelee, akageuka tena. "Shem, nisikilize. Wiki ijayo natia saini kuwa mkufunzi mkuu. Matawi yote. Wanachunguza rekodi yangu ya silaha sasa hivi tunavyoongea. Wakisikia nilipita ukaguzi na mtutu wa kuazima, basi. Sishiki tena kazi ya silaha mpaka nazikwa. Nina watoto watano."

"Najua idadi yao. Vitanda vyao nimevitengeneza mimi."

"Basi unajua nasema nini. Karani alikosea. Wanakosea kila siku, si umesema mwalimu ameandikiwa mwaka wa bunduki?"

"Huyu hakukosea. Alisoma kilichokuwepo."

"Wewe unajua hivyo, mimi najua hivyo. Yeye mwenyewe hajui! Si amekwambia labda alichoka? Basi alichoka."

Fundi Randa akamsogelea. "Na mkaguzi akiutazama mtutu ulio kwangu? Namba iliyopo ni yako."

Afande aliukwaruza ukuta kwa ukucha. Kisha akaitazama mikono ya shemeji yake, mikono mipana yenye makovu ya patasi. "Vyuma vya zamani vina kutu," alisema. "Kutu hula namba. Na wewe ni fundi, tupa ya kukwangulia chuma unayo."

"Unaniambia nini?"

"Sikwambii kitu. Nimesema tu una tupa."

"Shem."

"Nenda, shem. Nina vijana juani." Akapiga hatua mbili, akarudi. "Dada yangu atakutazamaje ukinimaliza?"

Jumatano ilipita na hakuna mlango uliotoka karakana. Alhamisi saa tisa alasiri Fundi Randa alifungua kasha, akaikunja bunduki, akautoa mtutu, akauzungushia kitambaa na kuubana kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani. Namba zilikuwa ndogo, zimekaa upande wa chini, karibu na pale mtutu unapoungana na mwili. Tarakimu sita. Mtu angeweza kuzifunika kwa kidole gumba.

Kwa desturi hakuanza kazi bila sala. Kabla ya kukata ubao wa kwanza wa siku, aliinamisha kichwa na kumwomba Mungu abariki mkono na macho. Wateja walimtania, wakisema milango yake haipigi kelele kwa sababu imeombewa. Leo hakusali. Hangethubutu kutamka anachoomba.

Alishika tupa, akapiga mara moja.

Sauti ya chuma juu ya chuma ilijaa karakana. Mstari mweupe ukang'aa juu ya tarakimu ya kwanza. Mkono ukabaki hewani. Alijiona kama anayemtazama mtu mwingine: mzee mwenye maranda kwenye nywele, ameinamia jiliwa mchana kweupe, na mlango wa karakana ameufunga kwa komeo ambalo hajapata kulitumia.

"Fungua," mkewe alisema nje. "Naijua kila sauti ya hapa ndani. Hiyo si mbao."

Akafungua. Mkewe akaingia, akautazama mtutu, akaitazama tupa, akamtazama yeye, akakaa kwenye gogo. Fundi Randa akasimulia. Alipofika mahali pa kubadilishana mitutu mkewe aliruka.

"Watu wazima wawili! Mnabadilishana vyuma kama watoto wanaobadilishana viatu! Na mkaona raha, mkacheka!"

"Tulicheka, ndiyo."

"Na huyo mama wa ofisini?"

"Anadhani kosa ni lake."

Mkewe akashika tama.  Nje kuku walikuwa wanaparura chini ya rundo la mbao.

"Wewe unasemaje, mama watoto?"

"Usiniulize mimi." Alisimama, akakung'uta vumbi la mbao nguoni. "Yule ni kaka yangu, tumenyonya titi moja. Ukiniuliza nitakujibu kama dada, na wewe hutafuti jibu la dada." Akafika mlangoni. "Lakini hiyo tupa itundike mahali pake. Sauti yake imenitia baridi."

Alipoondoka, Fundi Randa alipiga magoti juu ya maranda. Mwanzoni maneno hayakuja, yakaja maombi ya mtoto, Mungu niokoe, Mungu niokoe. Aliyarudia mpaka akayachoka. Kisha akaomba kingine: kwamba kesho, akishika kalamu, asipunguze neno lililotokea wala asiongeze ambalo halikutokea. Alipoinuka magoti yalimuuma na moyo haukuwa umetulia. Alidhani sala ingemtuliza. Haikumtuliza. Ilimpa tu mahali pa kwenda.

Ijumaa foleni ilifika hadi ngazini. Fundi Randa alikaa kwenye benchi, begi la bunduki limelala magotini, barua ya kusafirishia imebanwa kifuani, akajaza fomu ya masahihisho. Palikuwa na mistari minne chini ya maneno "Sababu ya tofauti". Mistari haikutosha, akageuza karatasi. Aliandika polepole, kwa herufi za fundi, zile anazoandika kwenye mbao. Aliandika mawe, kijiti cha mti mgumu, ukaguzi, tupa ya jana. Hakuficha jina la shemeji yake. Alitafuta namna ya kulificha, akakuta kila namna ni uongo.

Kisha akatoka hadi ngazini, akampigia shemeji yake simu.

"Nimeandika," alisema. "Yote. Sijapeleka dirishani bado. Mbele yangu wapo watu kumi na mmoja. Njoo uandike lako kwa mkono wako, shem. Usingoje kusomewa langu."

Upande wa pili zilisikika hatua za vijana, moja mbili, moja mbili.

"Umeniuza," Afande alisema.

"Nakusubiri."

Simu ikakatika.

Akarudi kwenye foleni. Walipobaki watu sita alimtazama aliye nyuma yake. "Tangulia, mwanangu." Akampisha na aliyefuata. Akampisha na mwalimu mstaafu, aliyekuwa amerudi kudai mwaka wake.

"Vipi, fundi?" mwalimu alimtania. "Unaogopa sindano?"

"Namngoja mtu."

"Mke wa pili?"

Watu wakacheka, naye akajaribu kucheka nao. Kila kiatu kilichopanda ngazi kilimgeuza shingo. Mwanamke mwenye bahasha. Askari mwenye birika la chai. Mfugaji wa bastola tatu, sasa zimebaki mbili. Saa ya ukutani ilisogea kuelekea saa sita, na saa sita dirisha hufungwa.

"Baba!" Mama Mafaili aliita kutoka ndani. Alikuwa amemwona akiwapisha watu. Macho yake yalikuwa mekundu, na mezani mbele yake, pembeni ya faili la rangi ya udongo, palikuwa na karatasi aliyokuwa ameianza kwa mkono: *Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba*. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. "Baba, kama ni kosa langu, njoo uniambie niandike yaishe. Siku tatu sijala chakula kikapita."

Fundi Randa akatazama ngazi mara ya mwisho. Hapakuwa na mtu. Ndipo alipoona kwamba subira yake kwa shemeji, aliyoidhani ni huruma, ilikuwa inalipwa na mama huyu. Akasogea dirishani, akampa fomu.

Mama Mafaili alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Akavua miwani.

"Kwa hiyo namba nilisoma sawasawa," alisema.

"Ulisoma sawasawa, mama."

"Niliisoma sawasawa." Alichukua ile karatasi aliyoianza, akaichana katikati, akaichana tena. Kisha akamtazama. Hakukuwa na shukrani machoni mwake. "Na Jumanne, nilipokwambia labda nilichoka, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha niende nayo nyumbani."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Hakusema amesamehe. Alipiga muhuri kwa nguvu, akamwita mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye glavu na taa ndogo. Aliikunja bunduki, akasoma namba ya mwili, akasoma ya mtutu, akasimamisha taa. "Na huu mkwaruzo?"

"Wa kwangu. Wa jana. Umeandikwa humo, mstari wa mwisho."

Kijana alisoma, akainua nyusi. "Mzee, hata huu umeandika?" Akatikisa kichwa, akafunga begi kwa lakiri. Bunduki ingebaki stoo. Leseni ingesimamishwa mpaka kamati ikae, na kamati ingemwita, pengine mwezi huu, pengine ule, na pengine ingemsukuma mahakamani. Fundi Randa aliitikia kila jambo. Mabega yake, yaliyozoea uzito wa mbao, hayakujua yakae vipi bila begi lile.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi dirisha lifungwe Afande alipopanda ngazi. Alikuwa amevaa sare, kola imelowa, kofia mkononi. Alimpita shemeji yake bila salamu, akasimama dirishani.

"Naomba fomu ya masahihisho."

Mama Mafaili alimtazama, akaitazama ile saini yenye mkia kwenye faili, akampa karatasi.

Benchi lilikuwa moja. Afande alikaa mwisho wa huku, Fundi Randa alikuwa mwisho wa kule, na katikati wangeweza kukaa watu watatu. Kalamu iligusa karatasi, ikanyanyuka, ikagusa tena.  Aliandika mstari, akasimama.

"Ule mtutu ulibonyea mwaka gani?" aliuliza, macho yakiwa kwenye karatasi.

Fundi Randa akamtajia mwaka.

"Mvua zilikuwa zimeanza?"

"Zilikuwa hazijaanza. Mawe yalikuwa makavu."

Akaandika. "Na wa kwako. Nilikuomba mimi, au ulinipa mwenyewe?"

"Nilikupa mwenyewe. Hukuniomba."

Kwa mara ya kwanza Afande akageuza uso. Ulikuwa uso wa mtu ambaye hajui bado atalia au atapigana. "Ndivyo ulivyoandika?"

"Ndivyo nilivyoandika."

Karani aligonga kioo kwa pete: dakika tano. Afande akairudia karatasi yake, akafuta neno, akaandika jingine juu yake. Fundi Randa alikuwa amemaliza shughuli zake zote pale. Alitaka kuondoka, miguu ilimwasha, mkewe alikuwa anangoja barazani na yeye hakujua atamwanzia wapi. Lakini shemeji yake angeweza kuhitaji tarehe nyingine. Akaendelea kukaa.